Rangi ya Pijo la Bwana Shamba

Phanice Boke alikuwa mwanamke pekee pale wanapooshea magari karibu na daraja la mto Migori, na kwa miezi saba ya kwanza hakupewa kazi nyingine ila mazulia. Wanaume walioshika mashine ya presha walimwambia kwamba mwili wa gari si kazi ya mama. Basi alikaa kwenye benchi lake la mbao, akayakung'uta mazulia ya miguuni, akayasugua, akayaanika ukutani, akangoja mengine. Hakulalamika. Alishuka mjini akiwa na miaka thelathini na minane, na yaliyomtoa kwao Kehancha yalikuwa mazito kuliko mazulia.

Huko Kehancha alilelewa ndani ya tumbaku. Tangu usichana wake kazi yake ilikuwa kuchambua majani yaliyokwisha kukaushwa, kuyapanga kwa rangi na kwa uzito. Angeweza kufumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya jani, akakuambia kama ni la daraja la kwanza au ni la kutupa. Majirani walikuwa wakimwita aje kuwachambulia kabla ya siku ya soko la tumbaku, wakijua kwamba Phanice akishalipanga furushi hakuna mnunuzi atakayelirudisha. Lakini tumbaku ilimla polepole. Kila msimu wa kuvuna, majani yakiwa bado na umande, alishikwa na kizunguzungu na kutapika, na mwaka hadi mwaka kifua kikazidi kupiga filimbi. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kwenda Tanzania kutafuta dhahabu, akaoa akapata mji mwingine huko huko. Siku daktari alipomwambia achague kati ya tumbaku na mapafu yake, Phanice hakuwa na wa kushauriana naye. Alimwacha binti yake Gati katika shule ya bweni, akafunga virago, akateremka Migori.

Ndipo Jumanne moja mwezi wa pili likaingia pale darajani gari ambalo liliwafanya hata wenye mashine wageuke. Lilikuwa Pijo 404, lile la zamani lenye mabawa madogo nyuma, rangi yake buluu iliyokolea. Wazee waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda cha jirani walisimama na vikombe mkononi. Mmoja alisema gari kama hilo ndilo lililompeleka mkewe hospitali alipozaliwa kifungua mimba wao, na kwamba alidhani yote yameisha kuwa sufuria.

Aliyekuwa akiendesha ni mwanamke wa makamo, Dorine, mwalimu wa shule moja ya Homa Bay. Kando yake alikaa baba yake, Mzee Zadock Onyango wa Uriri, mtu mrefu mwenye kofia ya pama na miwani myeusi. Alikuwa afisa wa kilimo enzi za pamba, na ingawa alistaafu zamani, kuanzia Uriri mpaka Rongo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bwana Shamba. Pijo alilinunua mwaka 1977 kwa daktari mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku ile hakuna mkono mwingine uliowahi kuliosha. Sasa presha ya macho ilikuwa imemla. Jicho la kushoto lilikuwa limezima, la kulia liliona vivuli.

Levis, kijana mwenye mikono myepesi kuliko wote pale, alikwisha chovya brashi katika ndoo ya sabuni ya unga. Aliinyanyua tu, mzee akasikia maji yakidondoka.

"Wacha! Weka hiyo brashi chini!"

"Mzee, hii ni brashi ya magari," Levis akasema.

"Imeosha nini asubuhi hii?"

Levis akaigeuza mkononi. "Lori moja tu. Ya kokoto."

"Basi hiyo si brashi, ni msasa." Mzee alifungua mlango akatoka, mkono mmoja juu ya paa la gari kana kwamba anamtuliza ng'ombe. "Hapa kuna mtu ambaye huosha kitambaa chake kabla hajaosha gari?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema kwa mzaha, "Labda yule mama wa mazulia. Yeye huosha hata benchi."

"Aje."

Phanice alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Mzee akaomba ampe mikono yake, akaipapasa kama mtu anayekagua mbegu: kwanza viganja, kisha ncha za vidole.

"Imefanya kazi gani hii?"

"Tumbaku, mzee. Nilikuwa nachambua."

"Aa. Kumbe ni nyar Kuria." Ndivyo Wajaluo wanavyosema binti wa Kikuria, na kuanzia hapo hakumwita jina lingine. "Unaweza kujua jani bila kuliangalia?"

"Naweza."

"Haya. Nitakuonyesha, wewe utaona kwa niaba yangu."

Siku ile Phanice aliosha gari lake la kwanza, na alilifanya kwa saa tatu huku wengine wakimaliza magari tisa. Mzee alikaa kwenye benchi la mazulia, akitoa amri. Gari lisogezwe kivulini, mabati yapoe kwanza. Limwagiwe maji tupu tele, vumbi lianguke lenyewe. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni laini na nyingine ya kusuuzia kitambaa, kwa sababu kitambaa kikirudi na mchanga kwenye sabuni ndicho kinachochora rangi. Aanze na paa, ateremke, magurudumu yawe ya mwisho na yawe na kitambaa chao. Dorine alikuwa akitazama saa ya mkononi na kuguna.

Lilipokauka, mzee alitoa mfukoni karatasi ya mkate, ile ya nailoni, akamwambia avae mkononi kama glovu kisha apitishe vidole juu ya boneti. Phanice akashtuka. Boneti iliyoonekana safi kama sahani, chini ya nailoni ilikuwa na chenga chenga kama ugali wa unga usiochekechwa.

"Hiyo ni lami na vyuma vya barabarani vimeingia kwenye rangi," mzee akasema. "Macho hayaoni. Mimi wakati nilikuwa na macho mazuri nilikuwa nadanganywa pia."

Kisha akampa dawa laini ya kung'arishia na kipande cha nepi kuukuu ya pamba. Phanice akasugua taratibu, akageuza kitambaa. Kilikuwa kimegeuka buluu. Aliona amelichuna gari la watu. Alisimama pale, kitambaa kimefichwa nyuma ya mgongo, mpaka mzee aliposema, "Mbona umenyamaza? Kitambaa kimeshika rangi?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akamweleza kwamba rangi za zamani hazikufunikwa na vanishi kama za siku hizi. Rangi yenyewe ndiyo iliyo juu, na kila ukisugua, chembe yake hukufuata. Kwa hiyo mtu ana idadi fulani ya kusugua katika maisha ya gari, na akizimaliza, ndiyo basi. "Dawa ni mara moja kwa mwaka, na kwa mkono mwepesi," akasema. "Lakini nta, paka hata kila mwezi. Nta haili kitu. Inalinda tu."

Wakapaka nta, nyembamba kama mafuta ya uso, kwa mistari iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Wakangoja ishike ukungu mweupe, wakaifuta. Wale wazee wa kibanda cha chai wakaja kujitazama ubavuni mwa gari, wakirekebisha kola za mashati yao.

Tangu hapo kila Ijumaa ya pili Phanice alipanda kwenda Uriri, nyumbani kwa Bwana Shamba, kwa sababu mzee alisema hataki tena kulipitisha gari kwenye vumbi la barabara ili likaoshwe. Alilikuta Pijo chini ya banda la mabati, limefunikwa shuka za pamba zilizoshonwa pamoja. Walifanya kazi mpaka adhuhuri, wakala, akarudi. Walizungumza Kiswahili, maana yeye hakujua Kijaluo na mzee hakujua Kikuria, na katika Kiswahili hicho mzee alimsimulia habari za pamba, za wakulima wabishi, za mkewe Edith aliyefariki miaka kumi na moja nyuma. Phanice naye alimweleza yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu Migori: kuhusu mumewe, kuhusu kifua, kuhusu Gati ambaye kila likizo alirudi amekuwa mgeni zaidi. Mkono ukiwa unafuta, mdomo huwa mwepesi. Miaka mitatu ikapita namna hiyo. Kila baada ya kazi mzee alizunguka gari na karatasi yake ya mkate, polepole, na alipofika mwisho alisema "Ero kamano," ahsante, wala hakuwa mtu wa kuongeza neno.

Kisha Lynnet, binti mkubwa wa Dorine, alipata mchumba, na harusi ikapangwa mwezi wa nane huko Homa Bay. Dorine alitaka kukodisha gari jeupe la kisasa. Mzee akasema Pijo ndilo lililompeleka Dorine mwenyewe kanisani, na mjukuu ataenda nalo. Wakavutana wiki nzima kwenye simu. Mwishowe Lynnet akamaliza ugomvi: akasema yeye anataka la babu.

Basi Alhamisi ya wiki ya harusi Levis, aliyekuwa na leseni na ambaye kufikia hapo alikwisha kuwa rafiki, aliliendesha mpaka Homa Bay, Phanice akiwa nyuma na ndoo zake na mzee mbele akisikiliza injini. Gari lilikuwa limepakwa nta siku moja kabla. Walipoteremka mlima na ziwa likaonekana, Levis alisema, "Mzee, leo ukisimama karibu na maji hutajua gari ni gani na maji ni gani." Mzee alitabasamu njia nzima mpaka mjini.

Waliliegesha katika kiwanja cha Dorine, na shuka za pamba zikasahaulika Uriri. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa kwamba Phanice, badala ya kukaa karibu na gari, alivutwa jikoni. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, samaki walikuwa wakiletwa kwa magunia, na mwanamke mwenye mikono hawezi kukaa tu pembeni katika nyumba yenye harusi. Ijumaa nzima hakutoka nje isipokuwa kumwaga maji.

Jumamosi asubuhi, saa mbili na nusu, alitoka na ndoo yake akaona. Homa Bay ina kongoti wengi, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaoshinda wakingojea matumbo ya samaki. Mmoja wao alikuwa ametua kwenye ukuta au juu ya mti, na haja yake imeangukia katikati ya boneti. Ilikuwa imepigwa na jua la Ijumaa nzima. Ilikuwa imekauka ngumu kama saruji.

Phanice alijua la kufanya. Unalowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, unakilaza pale juu, unakiacha nusu saa au zaidi, unakilowesha tena, mpaka uchafu uachie wenyewe. Lakini ibada ilikuwa saa nne, wapambaji walikuwa wakimwita Levis alete gari mlangoni, na mifereji ya mtaa ule ilikuwa haitoi maji tangu jana. Alipata jagi moja tu. Aliloweka kwa dakika kumi, akafuta. Uchafu ukatoka, ukaacha doa, duara lililofifia kama ngozi iliyoungua, pale pale kwenye ukingo wa boneti unaopita katikati.

Hapo ndipo haraka ikamshinda akili. Katika sanduku la vifaa vya mzee kulikuwa na kopo la dawa nzito ya kusugulia, ya chenga, ambayo hakuwahi kuitumia. Alijua kwamba kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, kwa sababu kila kitambaa kilichowahi kupita kimekandamiza pale. Alijua, lakini aliona dakika zinakwenda. Akasugua. Kitambaa kikawa buluu. Doa likafifia kidogo, akaongeza nguvu. Kitambaa kikawa buluu tena. Mara ya tatu alipokigeuza, kilikuwa na rangi ya majivu.

Pale kwenye ukingo kulikuwa na alama ya kijivu, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya chini imechungulia. Miaka arobaini na sita mzee alikuwa amelikinga gari lile lisifike hapo, na yeye alilifikisha kwa dakika tano.

Levis alikuja na riboni nyeupe begani. Akatazama, akapiga mluzi mdogo.

"Aki, Mama Gati."

"Nimeliua."

"Hujaliua. Sikia." Akateremsha sauti. "Riboni inapita hapo hapo katikati. Ua kubwa tunafunga juu ya hiyo alama. Mchana tukirudi nitatafuta mtu wa rangi aguse kidogo. Mzee haoni."

"Mzee anaona na vidole."

"Leo hatashika gari. Leo ni mambo ya suti na picha. Mama, fikiria. Huyu mzee ndiye aliyekutoa kwa mazulia. Unataka kumharibia siku?"

Phanice alichukua lile ua la riboni, akaliweka juu ya alama. Lilifunika vizuri sana. Mtu yeyote angesema limewekwa pale kwa urembo. Alisimama akilitazama, na kilichomjia hakikuwa fikra ya heshima wala ya dhambi. Alikumbuka jinsi wale waliomwita kuchambua majani walivyokuwa wakati mwingine wakimsihi aingize mabovu katikati ya furushi, na jinsi alivyokuwa akishindwa kulala kila alipokubali. Akamrudishia Levis ua lake, akaingia ndani.

Mzee alikuwa amekaa kitini sebuleni, shingo juu, Dorine akimfunga tai. Phanice akachuchumaa mbele yake.

"Mzee, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Boneti. Ndege alikuwa amechafua, nikasugua na ile dawa nzito. Nimepitiliza. Rangi ya chini imetokea, hapa kwa ukingo. Ni kama ukucha huu." Akaushika mkono wa mzee, akamgusisha kidole gumba chake mwenyewe ili ajue ukubwa.

"Jameni, leo!" Dorine akasema. "Phanice, leo kweli?"

Mzee alisimama, tai ikiwa imening'inia nusu, akanyoosha mkono, na Phanice akampa bega. Wakatoka nje hivyo, Dorine nyuma yao akishika pini mdomoni. Mzee alifika kwenye boneti, akatembeza vidole kwenye ukingo, vikapita ile alama, vikarudi. Levis alisogeza mguu, riboni ikakwaruza begani mwake.

"Hiyo ni nini inalia?"

"Riboni," Levis akasema kwa sauti ndogo.

"Tulitaka kufunika, mzee," Phanice akasema. "Niliiweka kabisa. Halafu nikaitoa."

Alingoja apigiwe kelele. Alikuwa ameshapanga moyoni kwamba ataomba msamaha, ataaga, atapanda gari la Migori na kurudi kwenye benchi lake. Lakini mzee aliacha boneti, akauzunguka upande wa kushoto wa gari akipapasa, mpaka mlango wa nyuma. Akaweka kiganja pale.

"Mwaka wa njaa, themanini na nne," akasema, "Edith alitoka sokoni hapa hapa Homa Bay na kikapu ya samaki. Kikapu ilikuwa na waya imechomoka. Akajaribu kuingia, waya ikachora kutoka kwa kishikio mpaka karibu na gurudumu. Mimi nilimwangalia tu. Sikusema kitu. Nilikaa wiki tatu sisemi naye. Siku ishirini na moja alinipikia, nikakula, nikasukuma sahani, nikaondoka. Kwa sababu ya rangi."

Alikitelezesha kiganja kuelekea gurudumu.

"Halafu kila Jumamosi nikawa nafuta huo mstari. Pole pole. Miaka kumi na mbili. Siku moja ukaisha, nikafurahi sana, nikamwita aje aone. Alikuja akaona, akasema ni vizuri. Na sasa hayuko. Mwezi uliopita nilikuja hapa na mkono nikautafuta huo mstari. Nilitafuta mpaka nikachoka."

Dorine alikuwa ametoa pini mdomoni. "Baba, wiki zile tatu," akasema, "mama alituambia unaumwa koo."

"Aliwaambia nini?"

"Kwamba unaumwa koo, daktari amekukataza kuongea. Tulikuwa tunakuombea kila jioni. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nakuletea maji ya chumvi ya kusukutua, na ulikuwa unakunywa."

Mzee akageuka upande ilipotoka sauti. "Yale maji," akasema. "Nilikuwa nashangaa ni ya nini."

Dorine akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akamshika baba yake mabega yote mawili. Walisimama hivyo kando ya gari mpaka mpambaji mmoja alipotoka mlangoni kuuliza kama kuna msiba.

"Nyar Kuria," mzee akaita.

"Naam, mzee."

"Paka nta hapo. Tabaka mbili, maji yasiingie ikashika kutu. Usitafute mtu wa rangi. Na riboni zifungwe kwa vioo vya pembeni, boneti iachwe wazi." Akainua shingo kumrudishia Dorine tai. "Haya, bibi harusi asingojeshwe."

Phanice alipaka nta huku machozi yakimtiririka, akiyakinga na mkono wa blauzi yasidondoke kwenye boneti. Saa tatu na nusu Pijo lilitoka, Lynnet ndani na shela yake imejaa kiti chote cha nyuma. Watu walisimama barabarani kulitazama. Nje ya kanisa wageni walipiga picha nyingi nalo kuliko walizopiga na keki, na wengi waliegemea boneti ile bila kuona chochote.

Mmoja aliona. Ni bwana mmoja mnene wa Rongo, Nyangau, mwenye magari mawili ya zamani nyumbani kwake. Aliinama juu ya ukingo, akagusa, akauliza kwa nini halipakwi rangi upya lote likang'aa kama jipya.

"Likipakwa upya halitakuwa hili," mzee akamjibu.

"Basi ni nani anakutunzia rangi hii? Mimi yangu imepauka kama chokaa."

Mzee akanyoosha fimbo kuelekea alikodhani Phanice amesimama. Alikosea kwa hatua chache, akawa amemwonyesha kasisi, na Phanice ikabidi asogee mwenyewe.

Ndivyo alivyopata gari la pili, kisha la tatu. Nyangau alimpeleka kwa mwenzake wa Kisii mwenye Mercedes ya baba yake, huyo akamtaja kwa mwingine. Mwaka uliofuata Phanice alitoka pale darajani, akajenga banda lake la mabati upande wa juu wa mji, penye kivuli siku nzima. Alimchukua Levis. Kazi ya kwanza aliyompa ilikuwa kufua vitambaa, miezi miwili mfululizo, na Levis alinung'unika kila siku lakini hakuondoka. Brashi haikuingia katika banda lile. Gati alipokuja likizo alikuta mama yake anapigiwa simu na watu wa mbali kuulizwa kuhusu rangi, akakaa kando akisikiliza, na jioni moja akaomba aonyeshwe.

Macho ya mzee yalizima kabisa kabla ya Pasaka. Hakulalamika sana. Alisema vivuli vilikuwa vinamchosha, afadhali giza lililonyooka. Phanice aliendelea kupanda Uriri kila Ijumaa ya pili, lakini Pijo lilikuwa halitoki tena bandani. Dorine alikuwa na kazi zake Homa Bay, Levis na zake mjini. Matairi yakaanza kulegea. Betri ikafa, ikatiwa moto, ikafa tena.

"Rangi ni nzuri?" mzee akauliza siku moja walipomaliza.

"Ni nzuri, mzee. Lakini gari linalala sana."

"Najua. Nimekuwa nikifikiria. Nenda uandikishwe shule ya udereva, wakupe ile leseni ya kujifunzia. Wakufundishe sheria za barabara. Gari nitakufundisha mimi."

Phanice alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, Levis aliliendesha Pijo mpaka uwanja wa mpira wa shule ya msingi, akaliacha katikati ya majani, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya goli, mbali kadiri alivyoweza. Phanice akaketi kwenye usukani. Mzee akaketi kando yake, kofia mapajani, uso umeelekea mbele.

Gia za Pijo hilo ziko kwenye usukani, si sakafuni, na hakuna kitu shuleni kilichomwandaa kwa jambo hilo. Gari likaruka kama chura, likazima. Likaruka tena, likazima. Mara ya tisa alitaka kulia.

"Usiangalie mkono," mzee akasema. "Sikiliza injini. Ikianza kulalamika hivi, mmm, inaomba gia ya pili. Mpe. Acha mguu pole pole, kama vile unafuta nta."

Injini ikalalamika. Phanice akaipa. Gari likaingia katika gia ya pili bila kelele, likazunguka uwanja mzima, likapita mbele ya Levis aliyepiga saluti, likazunguka tena. Mzee alikuwa ametoa mkono dirishani, kiganja kimelala nje ya mlango juu ya mabati.

Walikwenda hivyo kila Ijumaa kwa wiki sita. Ijumaa ya saba mzee alimwambia Levis aketi nyuma na anyamaze, kisha akamwambia Phanice atoke nje ya lango la shule. Walipofika kwenye barabara kuu akamwambia asimame.

"Kuna gari?"

"Kuna lori ya miwa, mbali."

"Mbali kama wapi?"

"Kama pale kwa kanisa."

"Wacha ipite. Hatuna haraka."

Lori likapita, majani ya miwa yakipepea nyuma yake. Phanice akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, akaingiza gia ya kwanza, akaelekea sokoni Uriri. Kando yake mzee alivaa kofia yake na kuanza kupunga mkono dirishani, kwa sababu alisikia watu wakimwita.